Jenoveva, Mtamba Wake na Daftari la Simuni

Kabla hajaanza kupanga siku zake kwa simu, Jenoveva alikuwa na namna tatu za kukumbuka mambo. Jambo dogo alilifungia fundo kwenye pindo la kanga. Jambo la kati aliliandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Jambo kubwa alimwambia binti yake Sabina amkumbushe, kisha wakalisahau wote wawili.

Jumapili moja alifika kanisani akiwa na mafundo manne, akakaa ibada nzima akijiuliza yalikuwa ya nini. Mawili aliyakumbuka wakati wa matoleo. La tatu lilikuwa la chanjo ya kuku, ambayo ilishatolewa kijijini siku iliyotangulia. La nne hajalijua hadi leo.

Jenoveva ana miaka arobaini na saba. Anaishi katika kitongoji kimoja cha Butiama, ambako aliolewa, akazaa, na miaka tisa iliyopita akamzika mume wake. Analima viazi vitamu, mtama na mboga. Kila Jumatatu na Alhamisi hupeleka alichovuna Musoma, mtaa wa Nyasho, na kukiuza kwenye kibaraza cha Tausi, fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi amekuwa rafiki yake. Ni Tausi aliyechoshwa na mafundo hayo kuliko mtu mwingine yeyote.

"Mama Sabina, nilikuagiza nini Jumatatu?" alimuuliza Alhamisi moja ya Januari, huku akitazama mafungu ya mchicha.

Jenoveva akaanza kuichunguza kanga yake.

"Usiangalie kanga. Kanga haijui kusoma. Nilikuagiza matembele. Mchana nina wageni, na nimeshawaambia watakula matembele ya Butiama."

"Si watakula mchicha wa Butiama?"

"Lete hiyo simu yako hapa."

Simu alikuwa nayo. Ilikuwa simu ya kugusa aliyoachiwa na mdogo wake alipohamia Mwanza, naye aliitumia kupiga, kupokea na kumulika njia ya chooni. Tausi akaipekua, akaweka ndani yake programu ileile aliyokuwa akiitumia yeye: daftari la kuandikia kumbukumbu na kazi za siku. Humo Tausi alikuwa na kurasa za vipimo vya wateja, siku za kuchukua nguo, na zamu za kupika katika kikundi chao cha akina mama wa msikitini. Kila kazi ilikuwa na kijisanduku pembeni, cha kutiwa alama ikikamilika. Jambo lenye siku maalumu liliwekewa kengele.

"Mimi ndiye fundi pekee Nyasho nisiyesema njoo kesho," Tausi alijigamba.

"Wiki iliyopita si ulimwambia yule mama wa sare njoo kesho? Nilikuwepo."

"Nilimwambia njoo Ijumaa. Na Ijumaa akakuta nguo yake imepigwa pasi. Tofauti unaiona?"

Aliiona. Alipofika nyumbani jioni alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa kidole kimoja: "Matembele ya Tausi. Jumatatu." Akaweka kengele. Jumatatu alfajiri simu ililia, naye akaenda shambani kuchuma matembele. Inawezekana wapo watu wanaoliona hilo kuwa jambo dogo. Kwa Jenoveva, ambaye kwa miaka mingi aliamini kwamba kichwa chake kina kasoro ya kuzaliwa, lilikuwa jambo la kumfanya aketi juu ya kinu na kucheka peke yake.

Baada ya hapo hakuna kitu kilichosalimika. Alifungua ukurasa wa Kuku, wa Shamba, wa Kanisa na wa Dawa. Aliandika zamu za kufagia kanisa, siku ya jumuiya, siku ambayo kila fungu la mbegu lilipandwa na siku ambayo lilichomoza. Wenzake wa jumuiya walimpachika jina la Mama Kengele, lakini ilipofika siku ya chanjo ya kuku iliyofuata, wao ndio waliotuma watoto kumuuliza: "Eti Mama Kengele, ni leo au kesho?"

Ukurasa alioupenda kuliko zote ulikuwa wa Mgeni.

Mgeni alikuwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Alikuwa chotara wa kahawia mwenye mguu mmoja mweupe, na aliitwa Mgeni kwa sababu kundi zima alilolikuta lilikuwa la ng'ombe wa asili, wafupi na wenye nundu. Jenoveva alikuwa amemnunua mwenyewe, kwa viazi vya misimu mingi. Alipoolewa alikuta ng'ombe wa ukoo, na alipofiwa ng'ombe hao walibaki kuwa wa ukoo. Mgeni alikuwa kiumbe wa kwanza mwenye kwato ambaye mtu akiuliza ni wa nani, jibu lilikuwa ni wa Jenoveva. Alitaka azae ndama wa maziwa, na alitaka maziwa hayo yawe ya nyumba yake.

Lakini zizi lilikuwa la ukoo, na mwenye kauli juu ya zizi alikuwa Burito, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Burito si mtu mbaya. Ni mtu anayehesabu majani. Kila kiangazi malisho ya kitongoji huwa hayatoshi, na kanuni yake ni kwamba mnyama asiyelima na asiyezaa hana sababu ya kula.

"Shemeji, huyu dada wa mjini atazaa lini?" alikuwa akiuliza kila alipopita zizini.

"Atazaa, shemeji."

"Mimi sijauliza kama atazaa. Nimeuliza lini."

Kundi halikuwa na dume wakati huo. La zamani lilikuwa limeuzwa, na waliobaki walikuwa majike na maksai wa kulimia. Jenoveva hakujali, kwa kuwa tangu mwanzo alitaka mbegu ya ng'ombe wa maziwa. Alikwenda Bunda kumwona Gody, mtaalamu wa mifugo anayehimilisha ng'ombe, yaani anayewatia mimba bila dume, kwa mbegu za kwenye mirija. Gody alimweleza taratibu, kama mwalimu anayependa somo lake.

"Mama, mtamba aliyekomaa hushika joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku ishirini na moja hivi. Joto lenyewe halimalizi siku. Ukiliona asubuhi nipigie, nitakuja jioni. Ukiliona jioni, nitakuja asubuhi. Ukilikosa, unasubiri tena wiki tatu."

"Nitalijuaje?"

"Hatulii. Atawapanda wenzake, na wao wakimpanda atasimama tu. Mtazame asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka. Na uandike."

Kuandika! Jenoveva alirudi kutoka Bunda akiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Kuanzia tarehe ishirini Februari kila siku ilikuwa na vijisanduku viwili, asubuhi na jioni. Alisimama zizini kabla ng'ombe hawajatoka, akasimama tena waliporudi, akamtazama Mgeni kwa robo saa nzima. Kisha akaandika: "Hakuna." Hakuruka siku hata moja. Siku za Nyasho alichelewa kuondoka ili aandike, na alikatisha mazungumzo na Tausi ili awahi kurudi aandike. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Tarehe ishirini na tatu Aprili, Jumatano, Burito alimkuta ukutani mwa zizi akiwa na simu mkononi.

"Unampiga picha ya nini?"

"Simpigi picha, shemeji. Naandika." Akamsogezea aone, kwa sababu kweli alijivunia. "Siku sitini na tatu. Asubuhi na jioni. Sijakosa hata moja."

Burito aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho. Jenoveva akamwonyesha jinsi ya kupandisha ukurasa kwa kidole. Mzee akapandisha, akapandisha, midomo yake ikisoma pole pole.

"Hili neno ni hakuna?"

"Ndiyo."

"Na hili?"

"Hakuna."

"Mpaka huku juu?"

"Mpaka huko."

Akamrudishia simu yake. "Sasa shemeji, mimi nilikuwaga nasema tu kwa mdomo. Wewe umeleta ushahidi. Siku sitini na tatu hakuna kitu. Huyu ni tasa. Simu yako yenyewe imesema."

"Shemeji, subiri kidogo."

"Mnada ni tarehe kumi Mei. Bado ana mwili, atapata mnunuzi. Majani yakiisha atakuwa mifupa, hata wa kupewa bure hatamtaka."

Alipoondoka, Jenoveva alibaki pale na simu yake. Kilichomuuma si hukumu peke yake. Ilimuuma kwamba hukumu hiyo imetoka kwenye kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwake. Angekuwa mzembe kama zamani, leo asingekuwa na la kujibu, lakini na Burito asingekuwa na la kuonyesha.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Kule Nyasho aliweka viazi vyake kibarazani bila hata kuvipanga mafungu, na Tausi, ambaye alikuwa akikunja pindo la gauni, akaona.

"Nani amekufa?"

"Bado. Tarehe kumi."

Akamweleza yote. Tausi alisimamisha cherehani, akachukua simu na kuusoma ukurasa wa Mgeni toka juu hadi chini.

"Shoga, hebu niambie. Asubuhi unamtazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, kabla hawajatoka."

"Na jioni?"

"Wakirudi. Kama saa kumi na mbili kasoro."

"Katikati yuko wapi?"

"Malishoni."

"Na nani?"

"Na mwenye zamu."

"Na mwenye zamu anaandika wapi?"

Jenoveva akaanza kuwahesabu wachungaji kwa vidole.

Kwao kaya saba huchanganya ng'ombe zao na kuzichunga kwa zamu, kila kaya siku yake ya wiki. Jumamosi ilikuwa siku yake yeye. Siku nyingine sita Mgeni alikuwa machoni mwa wanaume sita, tangu saa moja asubuhi hadi jioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kijisanduku katika simu ile.

"Umempima mteja mikono, ukasema hana kiuno," Tausi alisema. "Subiri. Unajua kutafuta?"

"Kutafuta nini?"

"Neno. Hukunifuata nilipokufundisha, ulikuwa unacheka cheka." Akagusa alama ya juu ya kioo, akaandika "Mgeni". Programu ikakusanya kila mstari, katika kurasa zote, uliokuwa na jina hilo. Mingi ilikuwa ya "Hakuna". Lakini kati yake ilikuwamo mistari mitatu kutoka ukurasa wa Dawa, ambao Jenoveva aliutumia kuandika vidonda na minyoo.

Tarehe nne Machi: "Mgeni amechubuka juu ya mkia. Nimepaka dawa."

Tarehe ishirini na tano Machi: "Mgeni ana matope kiunoni na amechubuka tena. Nimepaka dawa."

Tarehe kumi na tano Aprili: "Mgeni amechubuka palepale. Dawa imeisha. Ninunue."

Tausi alihesabu kwa kupiga vidole mezani. "Kutoka ya kwanza mpaka ya pili, siku ishirini na moja. Ya pili mpaka ya tatu, ishirini na moja. Huyo ng'ombe anapakwa dawa ya kidonda, kumbe wenzake wanampanda! Mama Sabina, huyo si tasa. Huyo ana ratiba kukuzidi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walicheka hadi wakashika ukuta. Jenoveva hakucheka. Alikuwa akitazama majina ya siku. Tarehe zote tatu zilikuwa Jumanne, na Jumanne ni zamu ya Ngolo.

Ngolo ni mume wa Sabina. Ni kijana mwenye adabu, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwa mila zao mkwe hamzoei mama mkwe wake. Ngolo hajawahi kuingia ndani ya nyumba ya Jenoveva. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, yeye hutoka njiani na kugeukia shambani mpaka mama apite, na salamu zake hupitia kwa Sabina. Mtu wa namna hiyo ataanzaje kumweleza mama mkwe wake habari za kupandana kwa ng'ombe?

Jioni hiyo Sabina alipeleka swali kwa mume wake na kurudi na jibu, akiwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Mama, ameona. Mara tatu zote. Anasema Mgeni anasumbuaga malishoni mpaka anampiga fimbo. Nimemuuliza mbona hukusema, akaniambia, angemwambiaje mama?"

"Angekuambia wewe."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema alijua hakuna dume, akaona ya nini kutangaza aibu ya ng'ombe."

Jenoveva alihesabu mara mbili kwenye simu, kisha akahesabu kwa punje za mahindi ili awe na hakika. Jumanne ya wiki ya tatu baada ya ile ya tarehe kumi na tano Aprili ilikuwa tarehe sita Mei. Siku nne kabla ya mnada.

Burito hakushawishika upesi. Alisikiliza hesabu ya punje, akatikisa kichwa.

"Juzi simu ilisema hakuna. Leo simu inasema kuna. Hiyo simu ni mwanasiasa?"

"Simu inasema nilichoiandikia, shemeji. Kosa ni langu, nilimtazama akiwa amepumzika. Nipe tarehe sita. Akishika joto, mtaalamu atakuja."

"Halafu?"

"Halafu tarehe ishirini na saba asipolishika tena, ujue ana mimba. Tuvuke mnada huu mmoja."

"Na akilishika tena?"

Hilo ndilo swali ambalo Jenoveva alikuwa amelala nalo. "Nitamfungua mwenyewe, nimpeleke mnada wa Juni."

"Haya. Maneno hayo yaandike."

Akayaandika mbele yake.

Mpango ulikuwa mwepesi: Ngolo akiona dalili, ampigie Sabina, Sabina akimbie kwa mama, mama ampigie Gody. Jenoveva aliuweka wote kwenye daftari lake, hatua kwa hatua, kila hatua na kijisanduku chake. Jambo ambalo hakuliandika, kwa kuwa hakulijua, ni kwamba asubuhi ya tarehe sita Sabina angepata lifti ya kwenda Mwigobero kununua dagaa, na kwamba simu yake ingekwisha chaji kabla hajafika huko mwaloni, samaki wanakoshushwa.

Saa nne hivi Jenoveva alikuwa uani akipepeta mtama, simu ikiwa juu ya mfuniko wa mtungi, naye akiichungulia kila ilipotoa mwanga. Akasikia mtu akikohoa nje ya ua wa minyaa. Kikohozi kikarudiwa. Kwa juu aliona kofia ya Ngolo, imempa kisogo.

"Kuku," Ngolo aliita.

Kuku walikuwa wakichakura mtama uliomwagika. Hawakuitika.

"Kuku, nawaambia nyie. Yule ng'ombe wa mama anasumbua tangu saa tatu. Amesimama mwenyewe, hakimbii. Nimempigia Sabina, hapatikani. Kwa hiyo nawaambia nyie."

Jenoveva aliweka ungo chini. Alihisi kicheko na machozi vinagombania mlango mmoja.

"Kuku, mwambieni nimesikia," akasema. "Mwambieni asante sana. Na mwambieni amlete nyumbani, amfunge kivulini, asimpige."

"Kuku, mwambieni mama sawa."

Kofia ikaondoka mbio.

Gody alipokea simu kwa mlio wa kwanza. Aliondoka Bunda saa tisa, akapita kwenye tope la mvua ya usiku uliotangulia, na kufika saa kumi na moja jioni akiwa na matope hadi kwenye miwani. Mgeni alibanwa kati ya nguzo mbili. Burito alikuja kuangalia, akasimama na fimbo yake nyuma ya mgongo, pamoja na nusu ya kitongoji.

"Sasa daktari, huyo bwana harusi yuko wapi?" aliuliza, Gody alipotoa mrija mwembamba kwenye mtungi wenye moshi wa baridi.

"Mzee, dume mwenyewe yuko Arusha."

"Arusha! Na ndama akitaka kumjua baba yake?"

"Atapewa namba ya simu."

Watu wakaangua kicheko, na hata Burito akaona aibu kutocheka. Kazi yenyewe haikuchukua dakika kumi. Gody alivua glovu, akamwambia Jenoveva: "Mimi nimemaliza yangu. Si kila anayehimilishwa hushika mimba mara ya kwanza, mama. Nisikudanganye. Andika tarehe, na wiki tatu zijazo msimwondoe machoni."

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu. Mnada wa Mei ulipita, na ng'ombe wa watu wengine wakapita barabarani kuelekea huko, nao Mgeni akawaangalia kutoka zizini huku akicheua. Safari hii daftari lilikuwa tofauti. Jenoveva alifungua vijisanduku saba vya malishoni, kimoja kwa kila kaya, na kila jioni aliuliza mwenye zamu. Mwanzoni wanaume walimkwepa. Baadaye wakaanza kumjibu kabla hajauliza, na wengine wakaongeza habari zao: kwamba jike la fulani linachechemea, kwamba kisima cha bondeni kimeingia matope. Yote aliyaandika. Burito alisikia habari ya jike linalochechemea kabla ya mwenyewe mwenye jike, akataka kujua imetoka wapi.

"Kwenye simu," alijibiwa.

"Ile ile?"

"Ile ile."

Jumanne, tarehe ishirini na saba, Jenoveva hakwenda popote. Alipika ugali ukaungua, akaosha vyombo safi. Mara tatu alitoka hadi kwenye ua na kutazama upande wa malisho. Gody alikuwa amemwonya kwamba joto linaweza kuchelewa siku mbili tatu, kwa hiyo hata kimya cha siku ile kisingekuwa jibu kamili. Lakini joto likionekana lingekuwa jibu kamili kabisa.

Saa sita hakuna aliyekuja. Saa tisa hakuna aliyekuja. Ng'ombe waliporudi jioni alimpapasa Mgeni juu ya mkia, akakuta manyoya yamelala vizuri, makavu, bila tope wala mchubuko. Ngolo alikuwa nyuma ya kundi. Alisimama hatua nyingi kutoka kwa mama mkwe wake, akageuza uso kuelekea milimani kama ilivyo adabu. Hapakuwa na kuku karibu.

"Mama," alisema. "Nimemtazama siku nzima. Sikula hata kiporo changu. Ametulia, anakula majani tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ngolo kumwambia neno moja kwa moja tangu amwoe Sabina.

"Asante, baba," Jenoveva alimjibu.

Jumatano walimtazama, Alhamisi wakamtazama. Kila aliyekuwa na zamu alimtazama, hadi wiki ikaisha. Hakuna, waliripoti, na Jenoveva aliandika neno hilo kwa furaha.

Asubuhi ya tarehe kumi Juni Burito alikuja zizini mapema, kamba begani. Jenoveva alisimama mlangoni pa zizi bila kutaka, kana kwamba miguu yake iliamua yenyewe. Mzee akampita kando, akaenda hadi kwa maksai wake mmoja mkubwa aliyeanza kuvuta jembe kwa shida, akamfunga kamba kwenye pembe.

"Huyu ameshachoka kulima," alisema. "Majani yake atakula mwingine."

Jenoveva akasogea ampishe. Burito akasimama tena, safari hii mbele ya Mgeni, akamwangalia tumbo kwa muda mrefu kana kwamba tayari kuna cha kuonekana.

"Simu inasema atazaa lini?"

"Tarehe kumi na tatu Februari, shemeji, Mungu akipenda. Na Agosti Gody atakuja kumpima kwa mkono, tuwe na hakika."

"Februari." Burito akahesabu kimya kimya, na Jenoveva alijua anachohesabu ni majani. "Mvua za vuli zitakuwa zimepita. Utahitaji kukata majani na kuyakausha mapema. Desemba. Usingoje Januari, hapo hakuna kitu."

"Desemba mwanzoni au mwishoni?"

"Mwanzoni. Upande ule wa bonde langu, chini ya mawe. Mimi pale silishi kitu."

Jenoveva akatoa simu, akaandika papo hapo, akamsomea. Burito aliitikia kwa kichwa na kumsukuma maksai wake kuelekea barabarani. Mwenye zamu ya siku hiyo alikuwa ameshaanza kupiga miluzi upande wa pili wa zizi. Jenoveva aliondoa miti ya mlangoni mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakatoka kwenda malishoni, Mgeni akiwa katikati yao.